Mimea ya Songea Ilivyosomewa Mbali

Ukifungua vitabu vya Flora ya Afrika Mashariki ya Kitropiki, kazi iliyoanza kuchapishwa 1952 na kukamilika 2012 ikiwa na spishi zaidi ya 12,000, utakutana na Songea, mkoani Ruvuma, mara nyingi. Kitai, Mto Luhira, Milima ya Umatengo: majina haya yamo kwa sababu Edgar Milne-Redhead na Peter Taylor, wataalamu wa bustani ya Kew nchini Uingereza, walizunguka huko mwaka 1956 wakikata matawi, wakiyakausha na kuyapa namba. Ni kazi ya heshima, na hakuna anayesoma mimea ya kusini leo anayeweza kuikwepa. Lakini mzigo ule ulikwenda Kew. Hoja yangu ni kwamba safari za kukusanya mimea, hata zilizofanywa kwa ustadi mkubwa, hazikuifanya elimu ya mimea hiyo kuwa ya kwetu. Kilichofanya hivyo, pale ilipowezekana, ni masomo ya uzamili na uzamivu katika vyuo vikuu vyetu vya umma, na pale masomo hayo yalipopungukiwa, Songea imeendelea kujulikana zaidi Ulaya kuliko Ruvuma.

Kabla ya Waingereza hao alipita Mjerumani Walter Busse, mwaka 1900 na 1901, akivuka Ungoni, eneo la Songea, miaka michache kabla ya Vita vya Maji Maji. Mimea yake ilipelekwa Berlin, kwenye hebaria, yaani jumba la kutunzia mimea iliyokaushwa, iliyokuwa chini ya Adolf Engler. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya hebaria hiyo. Hasara yake haikuwa ya Wajerumani peke yao. Sampuli iliyotumika kuupa mmea jina la kisayansi kwa mara ya kwanza ndiyo marejeo ya mwisho wataalamu wanapobishana juu ya jina hilo. Ikiungua, sharti itafutwe nyingine ya kuchukua nafasi yake, na kwa mimea mingi ya Afrika Mashariki kazi hiyo iliwachosha watu kwa miongo. Taasisi ya Amani, Usambara, iliyoanzishwa na Wajerumani 1902, nayo haikubaki na hazina yake: hebaria iliyokuzwa pale chini ya Waingereza ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Tanganyika ikapata uhuru ikiwa na mimea mingi iliyokwisha kupewa majina, na ushahidi wa majina hayo ukiwa nje ya mipaka yake.

Hapo ndipo chuo kikuu kinapoingia. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa 1961 kwa masomo ya sheria. Kitivo cha Sayansi kikaanza 1965, na chuo kikawa chuo kikuu kamili 1970, kikiwa na idara ya botania na hebaria yake Mlimani. Msafiri hukusanya kila anachokiona, akaondoka. Mwanafunzi wa uzamili hung'ang'ana na kundi moja la mimea au msitu mmoja mpaka ajue kinachobadilika na kisichobadilika. Chukua miombo, miti ya misitu ya Songea. Spishi za jenasi ya Brachystegia huzaliana zenyewe kwa zenyewe, na majani ya mti mmoja yanaweza kutofautiana kiasi cha kumfanya mgeni adhani ni miti miwili. Huwezi kuitenganisha kwa tawi moja lililobanwa ndani ya gazeti. Unahitaji ua, tunda, gome, jani changa lenye rangi nyekundu kabla ya mvua na jani pevu baada yake, kutoka mti uleule. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu anayepita.

Wapo wanaosema, na si kwa ubaya, kwamba nchi yenye mahitaji mengi haiwezi kumlipia kijana asome nywele za chini ya jani. Jibu lipo baharini. Keto Mshigeni alisomea mwani kwa shahada ya uzamivu huko Hawaii katika miaka ya 1970, akarudi kufundisha botania Mlimani, akawa miongoni mwa waliofungua njia ya kilimo cha mwani nchini. Kilimo cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na maelfu ya wanawake wakapata kipato chao wenyewe. Wakati Mshigeni anaanza, kilimo hicho cha biashara hakikuwapo bado. Na Songea inao mfano unaofanana na huo. Uyoga unaouzwa kando ya barabara masika, na masuku, matunda ya msuku, yanayojazwa ndoo, hutegemeana: kuvu wengi wa miombo huishi kwenye mizizi ya msuku na ya miombo, wakibadilishana nao chakula. Mtafiti wa Sweden, Peter Högberg, alichapisha mwaka 1982 matokeo kuhusu uhusiano huo katika miti ya Tanzania. Anayekata miombo ili akaushe tumbaku anapoteza pia uyoga, na hilo ni jambo la chakula.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: picha za sampuli za zamani sasa zinapatikana kwenye intaneti, kwa hiyo mahali zilipo si hoja tena. Nakubali nusu yake. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anaweza kulitazama tawi la Luhira la 1956 bila kupanda ndege, na hiyo ni nafuu kubwa. Ila picha haitoi kipande cha jani cha kupima vinasaba, wala haisemi kama mmea huo bado uko Luhira. Hilo linajulikana kwa kurudi pale na kukata tawi jingine.

Umbali wa Songea kutoka vyuoni nao si kikwazo kama unavyoelezwa. Miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pamoja na wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walifanya kazi Mbinga, jirani na Songea, wakichunguza ngolo, mashimo ya Wamatengo ambamo nyasi hukatwa, hupangwa miraba na kufukiwa ili zioze, huku mashimo yakishika maji ya mvua. A. H. Pike alikwisha kuyaandika mwaka 1938, enzi za utawala wa Waingereza. Tofauti ni kwamba safari hii chuo cha umma kilibaki na ujuzi huo, na 1999 Sokoine ikaanzisha kituo cha maendeleo endelevu ya vijijini.

Kinachobana sasa ni kalenda. Uzamili wa miaka miwili hutumia mwaka wa kwanza darasani. Miombo mingi huchanua kuanzia Septemba, kabla ya mvua. Okidi za ardhini na nyasi husubiri mvua ishike. Matunda huja baadaye. Mwanafunzi hubakiwa na msimu mmoja, na mvua zikichelewa, tasnifu hupunguzwa. Vyuo vingeweza kumpeleka uwandani mara tu anaposajiliwa. Na kwa kuwa kila namba hukusanywa kwa nakala kadhaa, nakala moja ingebaki Ruvuma, kwa mfano katika chuo cha uhifadhi cha Likuyu Sekamaganga, Namtumbo, ambako askari wa wanyamapori wa vijiji hufundishwa na ambako itapata wasomaji mwaka uleule.