Bawa Juu ya Korogwe

Mwaka 1902 reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Korogwe. Mwaka huohuo, kwao Ujerumani, Martin Wilhelm Kutta alichapisha hesabu ya namna hewa inavyobeba bawa. Mambo hayo hayahusiani, ila mimi nashindwa kuyatenganisha. Juni 1916 Waingereza waliteka Korogwe, kisha Handeni, na katika vita hivyo ndege za B.E.2c za Skwadroni ya 26 zilikuwa zikipeleleza nyika kutoka angani.

Kompyuta hazikuwapo. Utulivu wa ndege ile ulitokana na hesabu za G. H. Bryan na majaribio ya handaki la upepo. Njia ya paneli ilishika kasi miaka ya 1960, mikononi mwa John Hess na A. M. O. Smith wa kampuni ya Douglas, Marekani. Unagawa uso wa bawa vipande vidogo vidogo, kila kimoja na nguvu yake isiyojulikana. Unailazimisha hewa isipenye popote, na nyuma ya bawa iondoke taratibu, sharti lile la Kutta. Vipande mia, milinganyo mia na kidogo.

Nimelichora bawa la aina hiyo kwenye laptopu. Jibu huja kufumba na kufumbua. Lakini hesabu hii huchukulia kwamba hewa haina mnato, kwa hiyo haioni bawa linapoelemewa na ndege kuanguka. Wala haioni chini, walikopita wapagazi waliokufa kwa maelfu kwa maradhi na uchovu. Makaburi ya wengi wao hayajulikani yalipo.