Kutia Rangi Upya: Istilahi ya Mapambo ya Albamu za Kidijitali

Anayetengeneza albamu ya kumbukumbu kwa kompyuta hupanga picha zake kwenye kurasa za skrini, kisha huzizungushia mapambo: utepe, ua, kifungo, fremu, kipande cha lesi. Mapambo hayo huja yakiwa faili, aghalabu kwa mafungu, na kila fungu lina rangi alizozipenda aliyelibuni. Kamati ya harusi ikichagua kijani na dhahabu, na utepe unaopendeza kuliko yote ukawa mwekundu, hakuna haja ya kuuacha. Programu ya kuhariri picha, kama Photoshop au GIMP, itaugeuza uwe wa kijani huku mikunjo, vivuli na nyuzi zake zikibaki zilivyo. Kazi hiyo kwa Kiingereza huitwa recolouring. Kwa Kiswahili napendekeza tuiite kutia rangi upya, na uzito wa pendekezo hili umo katika kitenzi kutia.

Wengi husema kubadili rangi, na hakuna atakayeshindwa kuwaelewa. Kasoro ya neno hilo ni upana wake. Kuigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe ni kubadili rangi. Kuondoa umanjano wa taa katika picha iliyopigwa ndani ya ukumbi ni kubadili rangi pia. Istilahi inatakiwa itaje jambo moja na kuliwekea mpaka. Wengine husema kupaka rangi upya, na hapo tatizo ni kubwa zaidi, kwa kuwa kupaka ni kazi nyingine kabisa, nayo imo ndani ya programu zizo hizo.

Kiswahili kilishatenganisha mambo haya zamani. Ukuta hupakwa rangi. Kitambaa hutiwa rangi. Rangi ya kupaka hukaa juu ya kitu na kukifunika. Rangi ya kutia huingia ndani yake. Wasukaji wa mikeka wa Pwani huchemsha ukindu pamoja na rangi, nao hutoka mwekundu au zambarau huku mistari ya jani ikionekana, na chane iliyokuwa nyeupe zaidi ikitoka imeng'aa kuliko wenzake. Rangi ni mpya, lakini ukindu ni ule ule.

Ndani ya kompyuta tofauti hiyo inapimika kwa hesabu. Picha imejengwa kwa pikseli, na kila pikseli hubeba namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Tuchukue pikseli mbili za utepe mwekundu. Ya kwanza, iliyo mahali penye mwanga, ina nyekundu 200, kijani 40 na buluu 40. Ya pili imo ndani ya mkunjo: nyekundu 100, kijani 20, buluu 20. Anayepaka kwa brashi au kwa ndoo ya rangi huzipa pikseli zote mbili namba zile zile za kijani. Mkunjo hufutika, na utepe hugeuka kipande bapa kama kilichokatwa kwenye karatasi. Anayetia rangi upya hupata, kwa pikseli ya kwanza, nyekundu 40, kijani 200, buluu 40. Kwa ya pili, nyekundu 20, kijani 100, buluu 20. Kivuli kilikuwa nusu ya mwanga, na bado ni nusu. Jicho linaona utepe wa kijani uliokunjwa vile vile.

Programu huweza kufanya hivyo kwa sababu huichambua rangi katika sifa tatu. Uchambuzi wenyewe umeitangulia kompyuta: Albert Munsell, mchoraji na mwalimu wa Marekani, alieleza mfumo wa sifa tatu za rangi katika kitabu chake cha mwaka 1905. Mwaka 1978 Alvy Ray Smith aliandika jinsi ya kuzigeuza namba za nyekundu, kijani na buluu ziwe sifa tatu za namna hiyo ndani ya kompyuta. Ukifungua amri ya Hue/Saturation katika Photoshop, sifa hizo ndizo vitelezi vitatu vinavyojitokeza mbele yako, nazo zinahitaji majina ya Kiswahili.

Ya kwanza ni aina ya rangi: kile kinachotufanya tuseme hii ni nyekundu na ile ni buluu. Hupimwa kwa nyuzi za duara, kuanzia 0 hadi 360. Nyekundu iko 0, njano 60, kijani 120, buluu 240. Neno rangi peke yake halitoshi hapa, kwa kuwa kwetu lina maana ya sifa inayoonekana na pia ya kile kinachomiminwa kwenye kopo. Ya pili ni ukolevu, kutokana na kukolea. Msemaji wa Kiswahili husema rangi imekolea au imepauka bila kufundishwa na mtu, na hicho ndicho kitelezi cha pili kinachofanya: kikifika mwisho wa chini, rangi hupauka hadi kuwa kijivu. Ya tatu ni mwangaza, yaani umbali wa rangi kutoka weusi kuelekea weupe. Kutia rangi upya kwa maana yake kamili ni kubadili aina ya rangi, na pengine ukolevu, huku tofauti za mwangaza zikihifadhiwa.

Maana hii inaeleza pia mahali kazi inapokwama. Utepe mweupe wenye pikseli za 240, 240 na 240 hauna aina ya rangi wala ukolevu. Zungusha duara lote, hautabadilika hata kidogo. Inabidi kuchagua Colorize, inayozipa pikseli zote aina moja ya rangi na kiwango kimoja cha ukolevu, kisha kushusha mwangaza kidogo, kwa sababu weupe kamili hauna nafasi ya kushika rangi. Kwa utepe mweusi mambo ni kinyume: mwangaza hupandishwa kwanza. Ua lenye petali nyekundu na jani la kijani nalo lina mtego wake. Ukilizungusha zima kwa nyuzi 120, petali zitakuwa za kijani na jani litakuwa la buluu. Dawa yake ni kuiambia programu iguse nyekundu peke yake, au kulichagua eneo la petali kabla ya kuanza.

Mtego mwingine uko katika jicho. Katika hesabu inayotumika sana kupima mwanga unaoonwa na jicho, kijani hubeba asilimia 59, nyekundu 30 na buluu 11. Kwa hesabu hiyo, pikseli yetu ya kwanza ilikuwa na uzito wa 88 ilipokuwa nyekundu, na ilipogeuka kijani ikapanda hadi 134, ingawa kitelezi cha mwangaza hakikuguswa. Ndiyo maana utepe mpya huonekana kama unawaka kando ya picha. Fundi ataushusha mwangaza kwa mkono, au ataweka tabaka la kijani juu ya pambo kwa hali ya kuchanganya iitwayo Color, inayochukua aina ya rangi na ukolevu kutoka juu na kuuacha mwanga wa chini ulivyo.

Matabaka yaliingia katika Photoshop toleo la 3.0, mwaka 1994, nayo yaliifanya kazi hii iwe salama. Tabaka la marekebisho likibanwa kwenye pambo moja, faili la asili haliguswi, na kesho rangi inaweza kubadilishwa tena. Baada ya hapo pambo lihifadhiwe katika muundo wa PNG, unaotunza uwazi unaolizunguka. JPEG haihifadhi uwazi, kwa hiyo ua litarudi likiwa ndani ya mraba uliojazwa rangi.

Kitenzi kutia kinatukumbusha na haki. Kilichotiwa rangi ni kitu kile kile, na aliyekibuni ni yule yule. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 unalinda haki ya mtunzi juu ya marekebisho ya kazi yake. Basi aliyegeuza utepe wa mwenzake kuwa wa kijani hajapata utepe wa kuuza. Asome masharti yaliyokuja na fungu kabla ya kuusambaza.

Kwa kamusi zetu na kwa walimu wa kompyuta, maelezo yawe hivi. Kutia rangi upya: kubadili aina ya rangi ya pambo au sehemu ya picha, pamoja na ukolevu wake inapohitajika, bila kufuta vivuli na umbile lake. Nomino yake ni utiaji rangi upya. Kupaka kubaki kwa brashi na ndoo, na kubadili rangi kuwe jina la jumla la kazi zote hizi. Mwanafunzi atakayeambiwa, "Tia rangi upya petali, usiguse jani," atajua achague nini, azungushe kitelezi kipi na aache kipi.