Pointi 208 nilizopata nikiwa nimelala

Nina miaka 28 na tayari mimi ni mstaafu. La, kazi sijaacha, kuandika programu bado kunanilipia kodi ya nyumba hapa Nakuru. Nimestaafu sataranji ya mashindano, ule mchezo ambao wengi wetu tunauita chesi. Nilicheza kuanzia sekondari hadi 2022, sikuwahi kuwa bingwa wa chochote cha maana, na leo nataka kuwasimulia habari za nambari moja iliyoninyima usingizi kwa miaka kadhaa: ilikotoka, inavyofanya kazi, na jinsi ilivyonichekesha mwishowe.

Nambari yenyewe inaitwa Elo. Utaona wengi wakiiandika kwa herufi kubwa zote, ELO, wakidhani ni kifupi cha maneno fulani. Si kifupi. Ni jina la mtu.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Sataranji ilianzia India, yapata karne ya 6, ikiitwa chaturanga, yaani jeshi lenye vikosi vinne: askari wa miguu, farasi, ndovu na magari ya vita. Waajemi wakaichukua. Waarabu wakaipata kwa Waajemi, wakaiita shatranji, na jina letu la Kiswahili likatoka hapo. Malkia hakuwepo. Mahali pake palikuwa na waziri, kizee cha watu, anatembea hatua moja tu kwa mshazari. Ni Ulaya, mwishoni mwa karne ya 15, ndipo waziri alipogeuka malkia na kupewa mbio zote alizo nazo leo.

Sasa angalia. Mchezo una miaka kama 1,400, na karibu muda huo wote hakuna mchezaji aliyekuwa na nambari. Ulijulikana kuwa mkali kwa sababu ulimfunga fulani mbele ya watu, na watu wakasema. Basi, yamekwisha.

Nambari zilikuja juzi tu. Shirikisho la sataranji la Marekani lilianza kuwapa wachezaji wake pointi mwaka 1950, kwa hesabu iliyobuniwa na Kenneth Harkness. Hesabu hiyo ilikuwa na kasoro zake, ndipo akaja Arpad Elo. Alizaliwa Hungaria mwaka 1903, akahamia Marekani na wazazi wake akiwa mtoto, akawa mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Marquette mjini Milwaukee. Alikuwa mchezaji wa ridhaa kama mimi, ila yeye alijua kucheza: alitwaa ubingwa wa jimbo la Wisconsin mara 8. Wamarekani walianza kutumia hesabu yake mwaka 1960, na FIDE, shirikisho la dunia lililoanzishwa Paris mwaka 1924, likaikubali mwaka 1970.

Wazo lake ni rahisi na ndiyo maana nalipenda, hata baada ya yote yaliyonipata. Elo alisema hakuna mtu anayecheza kwa kiwango kilekile kila siku. Leo unaona kila kitu ubaoni, kesho unampa mtu malkia bure kama zawadi ya Krismasi. Ukichora siku zako zote utapata umbo la kengele: siku nyingi ziko katikati, chache ni nzuri ajabu, chache ni aibu tupu. Nambari yako ni pale katikati ya kengele. Na watu wawili wakikutana, tofauti ya nambari zao inakuambia nani anatarajiwa kupata nini.

Kwa wale tunaopenda kuona hesabu yenyewe, matarajio yako ni haya:

1 / (1 + 10^(t/400))

Hapo t ni pointi za mpinzani ukitoa zako. Mkilingana unapata 0.5. Ukimzidi kwa pointi 200 unapata kama 0.76, yaani katika michezo 100 utarajie alama 76. Ukimzidi kwa 400 ni 0.91. Baada ya mchezo unachukua matokeo halisi, unatoa matarajio, unazidisha kwa kipimo kinachoitwa K, na hapo unajua umepanda au umeshuka. Katika FIDE mtu mzima wa kawaida kama mimi ana K ya 20. Mchezaji mpya, na mtoto ambaye hajafika mbali, ana 40. Nilipoiandika kwenye programu kwa mara ya kwanza nikiwa chuoni haikufika mistari kumi. Mistari kumi! Na ndiyo iliyoniharibia ujana.

Nieleze. Mwaka 2019 nilifika pointi 1655. Kwa wachezaji wa kweli hiyo si kitu, lakini kwangu ilikuwa kama shahada ya pili. Nilianza kuilinda. Ukiwa na 1600 na ukakaa mbele ya mtoto wa 1200, tofauti ni 400, kwa hiyo piga hesabu nami: ukishinda unapata pointi 1.8. Ukitoka sare unapoteza 8.2. Ukifungwa unapoteza 18.2. Nikikaa kwenye kiti sikuwa naona farasi wala ngome, nilikuwa naona 18.2. Na watoto wenyewe nambari zao ni za uongo. Mtoto wa 1200 amekaa likizo nzima akifanya mazoezi kwenye simu ya mamake, uwezo wake umeshafika 1600, lakini nambari bado haijamfikia. Nimefungwa na msichana wa miaka 11 ambaye miguu haikuwa inafika chini. Alikuwa akila biskuti.

Hadi 2022 nilikuwa nimeshuka mpaka 1480. Nikarudi na matatu ya usiku kutoka Nairobi, na tulipofika Gilgil nilikuwa nimeamua. Nimestaafu.

Kuna jambo jingine ambalo si la hesabu. Aliyenifundisha kukaa mbele ya ubao ni baba yangu, na ubao wenyewe ulikuwa wa drafti. Alikuwa dereva wa matatu ya Nakuru–Njoro, na gari likisubiri kujaa madereva walikuwa na kipande cha mbao na vifuniko vya soda: wa upande huu vimelala chali, wa upande ule kifudifudi. Kelele tupu. Kila mpita njia ana ushauri. Nilipoanza chesi shuleni nilimfundisha, akaipenda, akawa ananisubiri nifunge shule. Halafu nikapata nambari. Siku moja aliniambia nilete ubao tucheze, nikamjibu kwamba kucheza naye kutaniharibia mchezo, maana anacheza ovyo. Nilimwambia hivyo, kwa mdomo wangu. Akasema, sawa kijana, akawasha redio. Miaka kama mitatu hakuniuliza tena.

Tuendelee na historia, nitarudi hapo.

Mfumo wa Elo, katika umbo lake la msingi, ni kama chama. Pointi alizopata mmoja ni zilezile alizopoteza mwingine, zinazunguka tu kwenye kundi. Sasa fikiria chama ambacho wanachama wapya wanaingia na mia mbili mfukoni, lakini ndani ya mwaka wanadai elfu. Wanazitoa wapi? Kwa wazee. Wazee wakichoka wanastaafu na kilichobaki. Hiyo K ya 40 ya watoto ni kiraka: mtoto akimfunga yule mtu wa 1600 anapata pointi 36 wakati mtu mzima anapoteza 18 tu, ili nambari ya mtoto ikimbie imfikie. Kiraka hakikutosha. Kisha ikaja korona, mashindano yakasimama dunia nzima, watoto wakakaa ndani na intaneti, na walipotoka walikuwa simba wenye nambari za paka. Ikiwa uko mahali ambapo watu walewale mia kadhaa wanacheza wao kwa wao, kama ilivyo sehemu nyingi za Afrika, nambari za kundi zima zinaweza kuzama pamoja bila mtu yeyote kupoteza uwezo.

FIDE wakafanya kile ambacho sisi watengenezaji programu hufanya data ikishaharibika kabisa. Waliandika amri moja na kuipitisha kwenye hifadhidata nzima. Tarehe 1 Machi 2024 kila mwenye pointi chini ya 2000 aliongezewa asilimia 40 ya pengo lililobaki kufika 2000, mara moja tu, na kiwango cha chini kabisa kikawekwa 1400.

Piga hesabu. 2000 kutoa 1480 ni 520. Asilimia 40 ya 520 ni 208. Nikawa 1688.

Niliona kwenye simu nikiwa kwenye foleni ya supamaketi. Nilikuwa sijagusa saa ya mashindano kwa karibu miaka miwili, na nimevuka rekodi ya maisha yangu kwa pointi 33. Zile 1655 nilizozilinda kama yai, zile nilizomnunia baba yangu kwa ajili yake, zimepitwa na hesabu iliyofanyika nikiwa nimelala. Nilifurahi kama sekunde kumi (siwadanganyi, nilifurahi). Halafu nikaanza kucheka peke yangu, mama aliyekuwa mbele yangu akageuka kuniangalia.

Haki ya Mungu, Elo mwenyewe alituonya. Aliwahi kufananisha kazi hii na kupima mahali pa kizibo kinachopanda na kushuka majini, ukitumia rula iliyofungwa kwenye kamba inayoyumbishwa na upepo. Watu wa Nakuru tunamwelewa vizuri. Tangu 2010 ziwa letu limepanda mpaka likameza lango kuu la mbuga, likabidi lijengwe jingine. Huku si kizibo tu kinachosogea, hata mahali pa kusimama na rula yako pamezama.

Hesabu hiyo sasa imeenda mbali kuliko alivyoota. FIFA wanaitumia kupanga timu za taifa za wanaume tangu 2018, na mwaka 2023 tovuti ya Chatbot Arena ilianza kupambanisha zile programu za akili bandia zinazozungumza na kuzipa pointi kwa njia hiyohiyo. Programu za sataranji nazo zina Elo zao. Mnakumbuka Deep Blue ya IBM ilivyomfunga Garry Kasparov kule New York, Mei 1997, alama 3.5 kwa 2.5? Ilikuwa kompyuta kubwa kama kabati, ikipima hali milioni 200 kwa sekunde. Leo Stockfish, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi, inakaa kwenye simu na kuzidi pointi 3500. Kwake mimi wa 1480, mimi wa 1688 na kuku wa jirani ni kitu kimoja.

Mwezi huohuo wa Machi nilimwomba baba twende Hyrax Hill. Kwa wasioijua, ni kilima kidogo kando ya barabara ya Nairobi, kilomita chache tu kutoka katikati ya mji, kilichopewa jina la pimbi wanaoishi kwenye majabali yake. Mary Leakey alianza kuchimba pale mwaka 1937 akakuta makaburi na makazi ya watu wa kale, na tangu 1965 kuna jumba dogo la makumbusho. Wanafunzi hupelekwa kuona makaburi. Mimi nilitaka baba aone bao. Kuna mashimo yaliyochongwa kwenye jabali lenyewe, safu kwa safu, mchezo wa familia ya bao na ajua, ndugu wa giuthi ya Wakikuyu na enkeshui ya Wamaasai. Bao la pwani, lile ambalo Mwalimu Nyerere alilipenda, lina mashimo 32 na kete 64, na mtu wa kompyuta hawezi kuiona 64 akanyamaza: sataranji ina vyumba 64, na programu zake nyingi huweka mahali pa kila aina ya kete ndani ya nambari ya biti 64. Nilimweleza baba hayo yote. Akasema, hm.

Halafu akachuchumaa, akaokota vijiwe, akaanza kuviweka kwenye mashimo. Nikamwambia si ruhusa, hiyo ni turathi ya taifa. Akanitazama kama ninavyotazamwa nikisema mambo ya K. Akasema waliochonga hawakuchonga ili watazamwe. Lakini akavitoa.

Tukarudi nyumbani nikatoa ubao. Sasa ni kila Jumapili baada ya chakula. Anacheza chesi kwa mdomo kama drafti ya steji: akila askari anakigonga juu ya meza, akikosea anadai mkono uliteleza, na jirani akipita dirishani anaitwa kutoa ushauri. Kuna siku alinifunga kweli, nikiwa macho kabisa, kwa farasi ambaye nilikuwa nimemdharau. Alimpigia simu mamangu mdogo kumwambia.

Zile pointi 208 nimemweleza. Aliuliza zinanunua nini. Juzi akaniuliza kama drafti nayo ina hiyo Elo. Ipo. Nimemwambia hakuna.