Simu Umelipia, Funguo Wamebaki Nazo: Zana za Kuflashi Ni za Nani?

Simu yako ikikwama kwa logo, unajua vile stori huenda. Inawaka, inaonyesha jina la kampuni, inazima, inawaka tena. Unaipeleka kwa fundi pale Daraja Mbili, Kisii, ama kwa kibanda stejini Keroka. Anachomeka kebo, anaangalia laptop yake kidogo, na simu inafufuka. Unalipa, unatoka. Chenye huambiwi ni kwamba hiyo programu ametumia, mara mingi, kampuni haikumpea. Aliitoa mahali kwa intaneti na hajui nani aliiweka huko.

Sasa swali ni hili: hizo zana za mafundi, kampuni zinafaa kupea hata wewe? Wewe si fundi, huna biashara, unataka tu kuchezea simu yako wikendi uone kama inaweza kuwa poa zaidi.

Tuelewane maneno kwanza. Kuflashi ni kuandika mfumo wa simu upya kutoka kwa kompyuta. Butiloda ni ile programu ndogo huamka kwanza ukiwasha simu. Ichukulie kama soja wa geti: inaangalia kama mfumo uko na sahihi ya kampuni, na kama hauna, haupiti. Ukifungua butiloda, soja ameenda chai. Hapo unaweza kuweka romu ingine, kama LineageOS, na simu yenye kampuni ilishaisahau ikaendelea kupata masasisho. Lakini kufungua kwa kawaida hufuta kila kitu, picha na meseji zote. Na ukikosea, umebaki na tofali.

Kampuni hazifanani kwa hii maneno. Google wameachilia faili za simu za Pixel wazi, na zana yao ya kuflashi inafanya kazi ndani ya brauza. Xiaomi hukuruhusu, lakini lazima uunganishe akaunti na ungoje. Kwa simu mingi zao ilikuwa siku 7. Huawei walikuwa wanapeana kodi za kufungua, 2018 wakafunga hiyo duka. Samsung wako na Odin, programu ya mafundi wao yenye hawajawahi kuitoa rasmi kwa watu. Ilivuja kitambo, na saa hii ni ngumu kupata fundi hana. Simu za bei ya chini zenye chipu ya MediaTek, na hapa Tecno, Infinix na Itel zimejaa, huflashiwa na SP Flash Tool, nayo inazunguka kwa saiti ambazo hata si za MediaTek.

So kuficha hakujaficha kitu. Zana iko nje tayari. Chenye hakiko nje ni kopi safi isiyo na virusi, faili ya modeli yako kamili, na maelezo ya kitufe gani usiguse.

Hicho kitufe ndicho hunikera. Ndani ya SP Flash Tool kuna chaguo la "Format All". Msee anajifunza kwa keja yake Nyamira anaona hiyo ndiyo itasafisha simu vizuri, anabonyeza. Simu inawaka, buya mono, lakini netiweki hakuna. Akipiga *#06#, IMEI haipo ama ni namba za ajabu. Amefuta sehemu yenye namba za utambulisho zilikuwa zimewekwa. Na ile sheria ya mawasiliano ya Kenya, KICA, tangu marekebisho ya 2009, inakataza mtu asiye mtengenezaji ama wakala wake kubadilisha IMEI. So mtu hajaiba, hajatapeli mtu, simu ni yake na risiti ako nayo, lakini akimwambia fundi wa mtaa amrudishie namba, wote wawili wako pabaya na sheria. Ukurasa mmoja wa maelezo kutoka kwa kampuni ungemuokoa.

Kampuni nazo ziko na point, tusijifanye. Tangu Android 5.1, 2015, simu ikifutwa kwa nguvu inaitisha akaunti ya mwenyewe, ndio mwizi abaki na kioo tu. Halafu kuna simu za mkopo. Safaricom walipoanza Lipa Mdogo Mdogo Julai 2020, ilikuwa unalipa shilingi 20 kwa siku, na ukiacha kulipa simu inafungwa. M-KOPA pia hufunga. Kama kila mtu angepewa zana ya kutoa hiyo kufuli, nani angekopesha tena mama wa Kebirigo mwenye hana doo ya mara moja?

Kwa maoni yangu, mpaka upite hapo. Zana ya kuandika IMEI ibaki kwa kampuni na mawakala. Kufuli ya mkopo ikae mpaka deni liishe, na siku ya malipo ya mwisho itoke bila wewe kubembeleza mtu. Zingine zote, faili za mfumo, programu ya kuflashi na kodi ya butiloda, zipeanwe. Katiba yetu, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na kitu amenunua. Na Apple, wenye walijulikana kwa kufunga kila kitu, tangu Aprili 2022 wamekuwa wakiuzia wateja wa Marekani spea na kuwakodishia vifaa vya ufundi kwa dola 49 kwa wiki. Biashara yao haijaanguka.

Kama bado unataka kujaribu leo, piga *#06# uandike hizo namba kwa karatasi, si kwa simu hiyo hiyo. Hamisha picha. Ingia kwa mipangilio usome modeli kamili mpaka herufi ya mwisho, ju faili ya simu inafanana na yako kwa jina si ya simu yako. Chaji betri ijae, hasa kama stima ya kwenu hupotea. Na ukiona "Format All", toa mkono hapo.