Kukagua Si Kuona

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi. Kila Ijumaa nilikagua rejesta za mahudhurio, mstari kwa mstari, kisha nikatia sahihi. Rejesta ya darasa la tano ilinifurahisha kuliko zote, maana haikuwa na doa. Mwisho wa muhula ndipo nilipogundua kwamba mtoto mmoja aliyeandikwa yupo kila siku alikuwa nyumbani, mgonjwa, kwa wiki sita. Mwalimu wake aliijaza rejesta ya juma zima Ijumaa asubuhi, kwa kalamu moja. Nilikagua kila alama, mtoto sikumwona.

Kisa hicho hunirudia nisomapo historia ya majaribio ya tiba. Majaribio hayo hufanywa katika hospitali nyingi kwa pamoja. Madaktari hujaza fomu, na fomu hizo hupelekwa makao makuu. Kwa miaka mingi ilikuwa desturi kutuma wakaguzi kila hospitali, walinganishe kila tarakimu na faili la mgonjwa.

Sasa tazama yaliyotokea Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1985 watafiti walionyesha kwamba kwa wanawake wengi wenye saratani ya titi, kuondoa uvimbe tu hakukupunguza maisha kuliko kukata titi lote. Mwaka 1990, katika ofisi kuu ya utafiti huo mjini Pittsburgh, zilikutwa taarifa mbili za mgonjwa mmoja kutoka Montreal, Kanada. Zilifanana kwa kila kitu isipokuwa tarehe ya upasuaji. Uchunguzi ukabaini kwamba daktari mmoja alibadili taarifa za wagonjwa 99, kati ya zaidi ya 1,500 aliowaandikisha, ili wasiostahili waingie. Habari ilipotangazwa mwaka 1994, wanawake waliokuwa wameamini jibu lile waliingiwa na hofu. Hesabu zikarudiwa bila wagonjwa wa hospitali ile, na jibu likabaki lile lile. Lakini imani iliyotikisika haitulii kwa siku moja.

Angalia, ndugu msomaji: mwanya uligunduliwa kwa kulinganisha karatasi mbili mezani. Mwaka 2013 mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya zilitoa miongozo yenye fikra hiyo, na kanuni za kimataifa zikaifuata mwaka 2016. Kabla jaribio halijaanza, waandaaji hujiuliza: ni kosa gani linaloweza kumdhuru mgonjwa au kupotosha jibu? Je, mgonjwa aliridhia kwa hiari? Anastahili kuwemo? Alipewa dawa ipasavyo? Madhara makubwa yaliripotiwa? Hapo ndipo macho yanapokazwa, na hospitali ambayo taarifa zake hazifanani na za wenzake hutembelewa kwanza.

Wapo wanaosema huko ni kubana matumizi tu. Hofu yao ina msingi, kwani anayechagua pa kutazama asipoijua kazi atachagua penye urahisi. Hata hivyo, anayetazama kila kitu kwa uzito mmoja naye huchoka, akaishia kutia sahihi.

Baada ya mwaka ule nilipunguza kukagua rejesta. Niliingia darasani bila taarifa, nikaita majina matano, na aliyekosekana nikaulizia kwao. Yule mtoto alipona, lakini alirudia darasa la tano. Mwaka wake mmoja ulipotea chini ya sahihi yangu.