Makato ya Kila Mwezi katika Mita ya LUKU: Kutoka Ada ya Huduma hadi Kodi ya Jengo, 2016–2023

Kodi ya kibanda iliyoanzishwa na utawala wa Wajerumani mwaka 1897, ambayo kiwango chake kilikuwa rupia 3, ilidaiwa hadharani. Mlipaji aliijua, aliichukia na pengine aliikimbia. Kodi ya jengo inayokatwa leo kupitia mita ya umeme haigongi hodi. Hoja ya makala hii ni kwamba uzito wa malipo ya aina hiyo hautokani na ukubwa wa kiwango, bali na njia yanamopitia; na njia hiyo hudumu hata ada yenyewe ikifutwa.

Mfumo wa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, ulioanza kutumika miaka ya 1990, ulichukua nafasi ya ankara ya mwisho wa mwezi. Hata hivyo, jina hilo halikueleza yote. Hadi Machi 2016, wateja wa kundi la T1 walikatwa ada ya huduma ya shilingi 5,520 kila mwezi, watumie umeme wasitumie. Kwa mwaka ada hiyo ilifika shilingi 66,240. Aliyefunga nyumba kwa miezi mitatu alirudi na kukuta deni la shilingi 16,560 likimsubiri kabla ya kupata hata uniti moja.

Ada hiyo ilifutwa Aprili 2016. Miaka mitano baadaye, Agosti 2021, mita ileile ilianza kukusanya kodi ya majengo: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na shilingi 5,000 kwa kila sakafu ya nyumba ya ghorofa mjini. Mwaka 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida kilipanda hadi shilingi 1,500. Nyongeza ya shilingi 500 haishtui mtu dukani. Ikitazamwa kwa mwaka, ni kutoka shilingi 12,000 hadi 18,000, yaani nusu nzima ya kiwango cha awali.

Hapa ni lazima makato yatofautishwe. Kodi ya Ongezeko la Thamani, pamoja na tozo za EWURA na REA, hukatwa kwa asilimia, hivyo hupungua mnunuzi anapobana matumizi. Makato yasiyobadilika hayapungui. Anayenunua umeme wa shilingi 3,000 huacha nusu ya fedha yake kwenye kodi. Anayenunua wa shilingi 60,000 haoni pengo lolote.

Tatizo kubwa zaidi limo katika nyumba za kupanga. Mdaiwa wa kodi ya jengo ni mwenye nyumba, lakini anayeingiza namba za LUKU ni mpangaji. Anaweza kurejeshewa fedha hiyo kwa kuipunguza katika pango, endapo wameelewana. Katika nyumba ya vyumba sita yenye mita moja, ambako wapangaji huchanga kwa zamu, ni vigumu hata kujua nani alikatwa mwezi upi. Aliyehama mwezi wa tano humwachia mwenye nyumba shilingi 7,500 ambazo pengine hakuwahi kuzihesabu.

Stakabadhi za kodi za enzi ya ukoloni zingali zikisomwa katika nyaraka. Ujumbe wa LUKU, ambao ndio ushahidi pekee alio nao mpangaji, hufutwa simu inapojaa.