Kufuta, Kudondosha na Kunyofoka

Aghalabu wafasiri wetu hutumia neno "kufuta" kila itajwapo habari ya sehemu iliyoondoka. Twaona kwamba mazoea hayo yanaficha mambo matatu yaliyo mbalimbali.

Katika maandishi, kufuta ni tendo la mkono: mwenye kufuta yupo, naye amekusudia. Katika lugha, sauti hudondoka pasipo mtu kukusudia. Sauti "l" ilidondoka zamani katika kitenzi "fungua", lakini haikutoweka kabisa. Yarejea tusemapo "fungulia" na "funguliwa".

Katika elimu ya urithi, Calvin Bridges alieleza mwaka 1917 upungufu wa kipande cha kromosomu katika nzi wa matunda. Mwaka 1963 Jérôme Lejeune na wenzake walieleza watoto wachanga waliao kama mtoto wa paka, ambao wamekosa sehemu ya kromosomu ya 5. Hapo hakuna aliyefuta, wala kilichopotea hakirejei. Mzazi akiambiwa "kimefutwa", atauliza: na nani?

Kwa hiyo twapendekeza "mnyofoko", kutokana na "nyofoka", yaani kung'oka kipande. Istilahi isimtwike mzazi hatia isiyokuwapo.